Kutoka Lubumbashi kumi, kurudi kumi, na bado mnasalimiana: mwaka wa kujitolea kabla ya chuo kikuu

Matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari hapa Kongo, yakitoka, Lubumbashi nzima inajua. Vijana wanamwagiwa poda nyeupe vichwani, wanapita barabarani wakiimba kutoka Katuba mpaka Kenya (Kenya yetu, komini, siyo ile nchi), na katika kila lupango, yaani kila ua, kuna mama anayekimbiza kuku. Wiki moja baadaye poda imeshaoshwa, na kwenye nyumba nyingi baba anatoa lile neno: "Mwaka huu ni zamu ya mkubwa wako kuingia chuo. Wewe utangoja kidogo."

Kuna wanaongoja kwa sababu pesa haitoshi kuwalipia watoto wawili. Kuna ambao hawajajua wasome nini. Na siku hizi kuna wachache wanaouomba wenyewe huo mwaka, wapumue kabla ya kuanza. Mimi nilikuwa wa aina ya kwanza. Nikajiunga na vijana wa parokia waliokuwa wakienda kujitolea vijijini, nikapewa kushika mfuko wa pesa wa kundi kwa sababu najua hesabu na sioni haya kumwambia mtu "hapana". Leo nasoma kilimo, lakini likizo zikifika wadogo zangu wanakuja: "Yaya (ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu), tuonyeshe mlivyofanya." Basi haya hapa. Kwa kifupi ninachowaambia ni hiki: nendeni karibu, kaeni muda mrefu, na mfanye kazi ambayo wenyeji waliitaja kabla yenu. Mengine yote ni namna ya kufika hapo.

Mzee kwanza

Usianze na kundi, anza na nyumbani. Mzazi wa Lubumbashi akisikia mtoto anataka kukaa mwaka mzima bila kusoma, anaona mambo mawili: wa kiume atakwenda kuchimba kwenye machimbo, wa kike atarudi na mimba. Hofu hizo zina sababu, usizicheke. Zijibu kwa karatasi: tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi, jina la mtu mzima atakayekuwa nanyi, namba ya simu ya mwenyeji, na kipindi cha kujiandikisha chuoni mwaka unaofuata. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomtuliza baba.

Inasaidia pia ajue kwamba uvivu huu haukubuniwa mtaani kwenu. Uingereza mwanafunzi anaweza kupata nafasi chuoni na kuahirisha kuingia kwa mwaka mmoja. Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, kinawahimiza waliokubaliwa wafikirie jambo hilo. Malia Obama alimaliza sekondari mwaka 2016 akaingia Harvard 2017. Baba yangu Harvard haikumwambia kitu, ila jina la Obama lilimfanya apunguze sauti ya redio.

Tofauti moja msiifiche. Yule wa kule nafasi yake inamngoja, imeandikwa. Ya kwetu hakuna anayekuwekea. Kwa hiyo karatasi za shule na nakala zake zibaki nyumbani kwenye bahasha, na mtu mmoja wa familia apewe kazi ya kufuatilia lini usajili unafunguliwa. Nimeona kijana amerudi kutoka kijijini na misuli mizuri, akakuta milango ya fakalte, kitivo chake chuoni, imefungwa.

Mahali

Vijana wakikaa kupanga safari, wa kwanza kusema atataja maporomoko ya Lofoi. Yanapendeza kweli: maji yanaanguka zaidi ya mita 300 ndani ya hifadhi ya Kundelungu. Lakini kufika huko kunataka gari lenye nguvu, mafuta mengi na barabara kavu, na ukishafika hakuna anayehitaji mikono yako. Hayo ni matembezi, yafanyeni siku mkiwa na pesa. Upande wa Mitwaba, Manono na Pweto, ambao vita viliuachia jina la pembetatu ya kifo, usipeleke kundi la wanafunzi hata kama mjomba wa mtu anasema sasa pametulia.

Mimi napenda Kapolowe na ukingo wa ziwa Tshangalele, na sababu zangu ni za mshika mfuko. Ni njia ya Likasi, na Likasi iko kilomita kama 120 tu kutoka Lubumbashi, mtu akiugua anarudishwa kwao siku hiyohiyo, samaki wanapatikana. Mjini tunakula samaki wa Kapolowe bila kujua kwamba ziwa lenyewe halikuwepo zamani. Lilitokea pale bwawa la Mwadingusha lilipojengwa kwenye mto Lufira, na mtambo wake wa umeme ukaanza kazi mwaka 1930 kwa ajili ya shaba ya Union Minière, kampuni ya migodi ya wakati wa Wabelgiji. Bonde likafunikwa na maji, na hadi leo wavuvi wanaishi kando ya ziwa lililotengenezwa kwa haja za watu wengine. Jua habari kama hiyo kabla ya kufika. Itakuzuia kumhubiria mvuvi juu ya mazingira.

Kuhusu muda: siku mbili tatu ni mzigo kwa mwenyeji. Anawatafutia mahali pa kulala, anawachotea maji, na kabla hamjajua majembe yanawekwa wapi mnaaga. Chini ya wiki tatu mimi siandiki jina langu.

Waulize kabla ya kubeba jembe

Watu wawili watangulie, wiki kadhaa kabla ya kundi. Wambebee chifu sukari na sabuni, wakae, wanywe munkoyo, kinywaji cha kienyeji, watakaopewa, wasiharakishe maneno. Kisha waulize: ni kazi gani mliianza ikakwama? Swali hili linazidi lile la "tuwasaidie nini?" Ukimwuliza mtu umsaidie nini, atakutajia vyote alivyonyimwa, pampu, hospitali, transfoma, na wewe una majembe kumi. Kazi iliyokwama ina mwenyewe. Ina shimo lililochimbwa nusu, na kuna mtu anaona haya kulipita kila asubuhi. Huyo ndiye mshirika wenu.

Wazee wanakumbuka salongo ya wakati wa Mobutu, kazi ya lazima, mkubwa anasimamia, watu wanafyeka majani kwa hasira. Kundi la watoto wa mjini likishuka na fulana za rangi moja na kuanza kuamuru, ndiyo wanayoikumbuka. Fulana za rangi moja zenyewe acheni; pesa yake inanunua mabati.

Hata makambi ya kujitolea kwa makundi, yanayopendwa sana na wanafunzi wa Ulaya, yalianza kwa kugonga ukuta huu. Mwaka 1920 Mswisi Pierre Cérésole alikusanya watu wa nchi mbalimbali, Wajerumani wakiwemo, wakaenda kujenga upya kijiji cha Esnes karibu na Verdun, Ufaransa, kilichobomolewa na vita. Walifanya kazi kwa bidii. Miezi michache baadaye iliwabidi kuacha, maana watu wa pale hawakuwa tayari kuwaona Wajerumani kijijini mwao mapema hivyo. Service Civil International, shirika lililozaliwa na jaribio hilo, bado lipo baada ya miaka 100 na zaidi, na bado linapeleka makundi.

Kazi moja nawaomba mkatae hata mkibembelezwa: kwenda kulea watoto kwenye kituo cha yatima kwa wiki chache. Mtoto anakuzoea, unaondoka, anakuja mwingine naye anaondoka. Tena, penye wageni wanaopenda kutembelea yatima, hawakosekani watu wa kuwatafutia "yatima" ambao wazazi wao wako hai. Australia ilipokuwa ikiandaa sheria yake ya utumwa wa kisasa ya mwaka 2018, bunge lao lilijadili biashara hiyo waziwazi. Mkipenda watoto, saidieni kufundisha kusoma, darasani, mwalimu wao akiwepo.

Kazi inafuata mvua

Kalenda yetu inawapendelea. Kuanzia Agosti, baada ya matokeo, mpaka Oktoba ni ukavu: ndio wakati wa matofali. Mvua zikishashika, Novemba na Desemba, ni wakati wa kupanda. Usichanganye. Kundi linalokuja kufyatua matofali Januari litakaa chini ya turubai likicheza karata.

Udongo mzuri wa matofali ni wa vichuguu, vile vikubwa mnavyoviona pande zote za Katanga. Unachimbwa, unalowekwa usiku kucha, unakanyagwa kwa miguu, unashindiliwa kwenye forma (kalibu) ya mbao, kisha matofali yanaanikwa chini ya majani ili yasipasuke. Asubuhi ya kwanza kila mvulana anataka kuchimba ili aonekane. Saa sita mchana wote wanataka kubeba forma. Wekeni zamu za saa moja moja na mtu mwenye saa ya mkono, yaani simu ibaki mfukoni. Na pale penye fundi wa kijiji, ambaye yupo daima, yeye ndiye mkubwa wa kazi. Anaamuru, nyinyi mnakanyaga.

Ila tanuri la kuchomea linakula kuni, na miti ya miombo inayouzunguka mji wetu imeshaliwa sana na makala, yaani mkaa. Kwa hiyo kundi langu lina sharti: ukichoma tanuri, unarudi mvua zikianza, kupanda. Hapo ndipo mwaka mzima unapofaa kuliko likizo, kwa sababu unaweza kwenda mara mbili mahali palepale. Mbegu zipandwe kwenye mifuko ya plastiki mapema, wakati mnafyatua matofali, maana mche unataka miezi mitatu minne kabla ya kuhamishiwa shambani. Panda wanachokitaka wenyewe. Niliwahi kuwasikia vijana wakisifia mti fulani wa kienyeji kwa maneno ya kitabuni, na mama mmoja akawauliza kwa upole kama unaliwa. Maembe na parachichi yanatunzwa, kwa sababu yana mwenyewe. Akasia ya kukua haraka inafaa kwa kuni na makala. Kati ya safari mbili, miche inataka maji kila siku, na ukavu wa Septemba hausamehe. Mlipeni kijana wa palepale afanye kazi hiyo, mwandikiane, na pesa hiyo ihesabiwe tangu Lubumbashi.

Mfuko

Hapa nitakaa.

Kundi liwe la watu kumi, wasizidi kumi na wawili, pamoja na mtu mzima mmoja anayeheshimiwa na wazazi. Wakizidi hapo, sufuria moja haitoshi, na gari moja halitoshi, na mkiwa magari mawili mmekuwa makundi mawili. Wasiwe wote marafiki wa darasa moja. Changanyeni Ruashi na Kampemba, wa Mazembe na wa Lupopo (timu zetu mbili za mpira), aliyezoea kuchota maji na ambaye hajawahi kuwasha mbabula, jiko la makala. Msichana mmoja wa mtaa wa Golf, ambaye siku ya kwanza tulimcheka jinsi alivyopuliza makala mpaka machozi, ndiye aliyekuja kuwa mnunuzi wetu wa samaki. Wauzaji walimwona mtoto wa tajiri, naye alipatana nao bei kama mtu aliyezaliwa sokoni.

Michango ianze mapema, kidogo kidogo kila wiki, kama likelemba, ule mchezo wa kuchangiana pesa kwa zamu, ila hapa hakuna anayebeba zamu. Wawe watu watatu: mmoja ana pesa, mmoja ana daftari, mmoja ana simu yenye Airtel Money au M-Pesa, na hakuna kinachotoka bila wawili kujua. Dola zikaguliwe siku unapozipokea. Noti iliyochanika pembeni hata kidogo hakuna atakayeipokea, na siku ya kununua unga siyo siku ya kujua hivyo. Badilisheni nyingine kwa faranga ndogondogo kabla ya kuondoka, kwa sababu mama anayeuza mboga ya lengalenga kijijini hana chenji ya noti ya 20.000.

Nauli ya kurudi ya kila mtu itoke kwanza, iwekwe kwenye bahasha iliyogundishwa, aishike mtu mzima. Isiguswe hata njaa ikija. Kijana akichoka katikati na kutaka kwenda kwao, apewe nauli yake bila hotuba. Kumlazimisha abaki kunaharibu kundi zima.

Unga: anayekanyaga udongo anakula bukari (ugali) kuliko anavyokula nyumbani. Mimi nahesabu gramu 400 kwa mtu kwa siku, milo miwili. Watu kumi na wawili wanamaliza karibu kilo 5 kila siku, basi mfuko wa kilo 25 hauvuki siku ya tano. Unga, chumvi, sukari na sabuni nunueni mjini, ambako bei mnaijua. Mboga, samaki, mafuta ya mawese na makala nunueni kwa wamama wa kijiji, msibebe toka mjini kwa sababu eti ni nafuu. Pesa hiyo mnayoiacha pale huenda ikawafaa watu zaidi ya matofali yenu.

Wavulana wanapika pia. Mtu akileta habari ya mila, muulizeni ni nani huwapikia wale wanaume walioko machimboni.

Njiani na mwilini

Beba kadi ya mpiga kura au ya shule, barua ya ruhusa yenye saini ya mzazi kwa walio chini ya miaka 18, na ordre de mission, barua ya kutumwa, yenye mhuri kutoka parokia, shule au chama kinachowatuma. Nakala ziwe nyingi, kila kizuizi kinapenda kubaki na yake. Mkifika, kabla ya kushusha mizigo, mtu mzima na wawili kati yenu mwende kusalimu: chifu, wakubwa wa serikali, muuguzi wa zahanati.

Safirini mchana tu. Barabara ya Likasi na Kolwezi imejaa malori ya shaba na ya asidi. Februari 2019 lori la asidi liligongana na basi upande wa Kolwezi, na karibu watu 20 walikufa. Mtu mmoja asiyeogopa akae mbele karibu na dereva, na kazi yake ni kusema "baba, polepole".

Kila mtu na chandarua chake. Maji yachemshwe au yatiwe dawa, hasa mvua zikianza, maana ndiyo majira ya kipindupindu. Msiogelee kwenye maji yaliyotulia penye majani kando ya ziwa, konokono wa kichocho wanapenda hapo. Homa ikimpata mtu, apimwe malaria siku hiyo, asimezeshwe tu dawa za rafiki yake. Wasichana wana chumba chao chenye mlango unaofungika, na pedi zinanunuliwa mjini kwa pesa ya mfuko kama chumvi inavyonunuliwa. Asiwe msichana wa kuomba.

Picha: bwawa, mitambo ya umeme, machimbo, vizuizi na wanajeshi msivipige, simu itachukuliwa na mtapoteza siku nzima. Watoto wa watu nao msiwapige na kuwatuma mtandaoni wakiwa na kamasi. Ukitaka picha, omba kwa mama yake, kisha mwonyeshe.

Wiki ya pili

Ugomvi unakuja wiki ya pili. Wiki ya kwanza kila mtu ana adabu, ya tatu kila mtu anawaza nyumbani. Unaanza na kitu kidogo: nani alitumia sabuni yangu, nani hakuamka zamu yake, nani alisema nini juu ya Lupopo. Kwetu kulikuwa na kijana wa Kamalondo ambaye baada ya mechi moja iliyosikilizwa redioni hakusema na mwenzake wa chumba kimoja, wakawa wanatumana kupitia mimi kama watu walioachana.

Dawa niliyoiona ikifanya kazi ni kikao cha jioni, kifupi, baada ya kula. Kila mmoja anasema jambo moja lililomuudhi na jambo moja lililokwenda vizuri, hakuna kujibizana. Halafu mshika daftari anasoma matumizi ya siku kwa sauti, mpaka bei ya kiberiti. Kusoma hesabu kunakausha minong'ono mingi. Jumapili hakuna kazi. Nendeni kanisani na wenyeji, chezeni mpira nao, na timu zichanganywe, msicheze mji dhidi ya kijiji.

Jifunzeni salamu pia. Vijana wa huko wanasema Kiswahili kama sisi, lakini bibi wengi wanajisikia nyumbani zaidi katika Kisanga au Kibemba. "Mwapoleni" ukifika, "natotela" ukipewa kitu. Bibi akikucheka namna unavyotamka, kaa, akurudishie tena. Wengi wa vijana niliokwenda nao, ukiwauliza leo wanakumbuka nini, wanataja mtu kama huyo kabla ya kutaja ukuta waliojenga.

Kurudi

Fungeni hesabu mkiwa bado kijijini. Daftari lisomwe mbele ya wote, kilichobaki kiamuliwe palepale: kirudishwe kwa waliochanga au kibaki kulipa mwangalizi wa miche. Ukisema "tutaona mjini", hamtaona. Majembe na forma viachwe kwa yule mwenye kazi, kwa jina lake, siyo "kwa kijiji". Mkishafika, wazazi waitwe kwenye ukumbi wa parokia, waone daftari na wasikilize. Ndio watakaowaruhusu wadogo zenu mwakani. Mmoja wenu apige simu kila mwezi kuuliza habari za miche, na akubali jibu hata likiwa baya.

Na ile barua ya kuthibitisha kwamba mlifanya kazi, mtakayoiambatisha siku ya kuomba buruse (ufadhili wa masomo) au kazi, iombeni mapema, angalau siku tatu kabla ya kuondoka. Chifu atasaini bila shida. Ila mhuri huwa uko kwa katibu, na katibu huwa yuko Likasi.